Nilivyoachana na raba ya bei na kupata mchezo wangu

Kila niliyemuuliza kwenye ukumbi wetu wa mpira wa meza alinijibu yaleyale: nunua raba ya bei, ile ngozi inayobandikwa kwenye raketi, mchezo utakuja wenyewe. Ushauri huu bado unazunguka na bado unawamaliza watu mifuko, ndiyo maana naandika. Raba haina spini, yaani mzunguko wa mpira, ndani yake. Spini anaitoa mchezaji kwa mkono wake. Raba inaamua ni kiasi gani cha kazi hiyo kinaingia kwenye mpira na, jambo ambalo hakuna aliyewahi kunigusia, inaamua spini ya mpinzani ikifika kwako inafanywa nini. Hilo la pili ndilo lililobadilisha mpira wangu wa meza.

Nacheza Dar es Salaam, jioni baada ya kazi, kwenye ukumbi mwembamba ambao ukirudi nyuma hatua chache tu umeegemea ukuta. Hakuna nafasi ya kusimama mbali na kupiga lupu ndefu, ile mipigo ya kuusugua mpira kwenda juu na mbele, kama tunazoziona kwenye televisheni. Sisi wote pale tunachezea karibu na meza, tutake tusitake. Ungetegemea mtu anayeshauri kuhusu raba aanze na swali hilo: unachezea wapi, unasimama wapi? Wapi! Wakaniambia raba ya Ulaya, sponji nene, laini juu, inayonata na kuvuta. Ilinitoka laki mbili na kitu, kwa upande mmoja. Nikabandika pande zote mbili, sasa piga hesabu mwenyewe.

Kwenye mazoezi ilikuwa tamu, siwezi kuikana. Mpira unazama kwenye sponji, raba inaushika, unasikia kama inausukuma yenyewe. Fohendi yangu, mpigo wa upande wa kiganja, iliongezeka kasi siku ileile. Shida ilianza nilipokutana na mzee mmoja pale ukumbini, mtu wa makamo ya baba yangu, asiyekimbia, asiyetoka jasho, anayechezea raketi ambayo ubao wake umeshakuwa mweusi mshikioni.

Sevu yake ya kwanza ilikuwa na spini ya pembeni. Niliweka raketi tu, kwa upole, na mpira ukaruka hadi meza ya jirani. Raba ile inayoshika spini yangu ilishika na yake pia, barabara. Nikajirekebisha, nikapata nafasi, nikapiga lupu yangu bora kabisa ya topspini, mzunguko wa kwenda mbele, kwenye bekhendi yake, upande wa mgongo wa mkono. Yeye aliweka raketi mbele ya mpira, akaishusha kidogo, basi. Mpira ukarudi chini, umejaa mkato, yaani mzunguko wa kurudi nyuma, nikaupiga tena kwa topspini, ukaingia wavuni. Nikaongeza nguvu. Kadiri nilivyoongeza spini ndivyo mkato ulivyozidi kurudi mzito. Nikabadilisha, nikamkatia mimi. Sasa ukarudi unaelea, raketi yangu iliyofunguka, uso ukitazama juu, ikaurusha nje ya meza. Seti zote zikaenda hivyo. Mwisho wa mchezo nikampa mkono na kumwambia, "Shikamoo mzee, leo umenifunza." Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Kijana, mipira yote ile ilikuwa yako. Mimi nilikuwa nakurudishia tu."

Sentensi ile ilikuwa na elimu kuliko ushauri wote niliowahi kupewa. Nikamwomba raketi yake niiangalie. Hapa niseme jambo ambalo wengi wetu hatulitumii: kwa sheria za mchezo huu, mchezaji anatakiwa kumwonyesha mpinzani na mwamuzi raketi yake kabla ya mechi kuanza. Ni haki yako. Ishike, pitisha kidole gumba juu ya raba, igeuze. Ukimaliza kuishika unajua nusu ya mchezo utakaokukuta.

Upande wake mweusi ulikuwa raba laini ya kawaida, ile ambayo vipele, vile vinundu vya raba, vimegeukia ndani, kwenye sponji. Upande mwekundu vipele vilikuwa nje, virefu, vyembamba, vinalala ukivisukuma kwa kidole, na chini yake hakuna sponji kabisa, ni ubao. Mpira ukifika pale vipele vinapinda, havipati nguvu ya kuugeuza mzunguko wake. Kwa hiyo mpira unaendelea kuzunguka kama ulivyokuwa, ila sasa unasafiri upande wa pili. Topspini yako, ikirudi kwako bila kugeuzwa mzunguko, inaitwa mkato. Mkato wako unarudi ukiwa topspini hafifu. Mzee hakuwa anatengeneza chochote kwa upande ule.

Sikutaka kubaki na maelezo ya mdomo. Nilichukua mpira, nikapaka nusu yake wino mweusi wa kalamu nene, nikalaza raketi mezani raba ikitazama juu. Kisha nikauzungusha mpira kwa vidole viwili na kuuachia udondoke juu ya raba. Kwenye raba yangu ya bei, mpira ulipogusa tu uliruka pembeni, kama umepigwa teke, na mzunguko ukafa au ukageuka. Nikaazima raketi ya mzee. Mpira uleule, vidole vilevile: ulidunda karibu wima na kuendelea kuzunguka, ile nyeusi na nyeupe zimechanganyika zimekuwa kijivu. Nikaita wenzangu waje waone. Tukajaribu na raketi za dukani zenye raba iliyokauka, na hizo zikafanya kitu cha katikati, mpira unateleza kidogo na kubaki na sehemu ya spini yake. Kwa jioni moja tulikuwa tumepanga raketi zote za ukumbi ule kwa jinsi zinavyotii spini. Kalamu ile ya elfu moja na ushee ilinifaa kuliko raba niliyoagiziwa.

Mpira wa wino tukautumia mezani pia. Ukija wa kijivu una spini. Ukiziona zile nusu mbili zimetulia, hauna kitu, upige. Baadaye macho yakizoea unahamia kwenye nembo ya kiwandani iliyochapwa kwenye mpira wenyewe. Nembo ikisomeka wakati mpira unakuja, huo ni mpira mkavu. Ikipotea, funga pembe ya raketi au ifungue kulingana na ulichoona mkono wa mpinzani ukifanya. Na tazama rangi! Raketi zina nyekundu na nyeusi kwa sababu. Zamani watu walibandika raba mbili tofauti zenye rangi moja, wakawa wanageuza raketi mkononi na mpinzani hajui ameguswa na ipi, hadi miaka ya 1980 rangi mbili zikawa lazima. Tangu Oktoba 2021 nyekundu inaweza kubadilishwa na pinki, bluu, kijani au zambarau, ila nyeusi inabaki upande mmoja. Mzee wangu hugeuza raketi katikati ya mchezo. Asiyetazama rangi hatoki.

Baada ya hapo nikakaa chini kufikiri mimi ni mchezaji wa namna gani. Raba zinazonata kwelikweli ni za Wachina, na zile maarufu kama Hurricane 3 ya kampuni ya DHS zina uso unaonata na sponji ngumu. Ma Long, bingwa wa China, amechezea fohendi yake kwa jamii hiyo ya raba. Ukipiga kiuvivu haikupi kitu, mpira unakufa. Ukizungusha kiuno na mkono mzima, spini inayotoka ni nzito kuliko ya raba laini ya Ulaya. Kwa sevu na kwa mipira mifupi juu ya wavu ni nzuri mno, kwa kuwa sponji ngumu hairushi mpira bila ruhusa yako. Hiyo nikaichukulia fohendi.

Bekhendi ndiyo iliyokuwa na mjadala. Vipele virefu vya mzee vinataka subira ambayo sina. Ni silaha halali, tena kubwa: Deng Yaping wa China alichukua dhahabu nne za Olimpiki, 1992 na 1996, akiwa na vipele virefu kwenye bekhendi, na Joo Se-hyuk wa Korea Kusini alifika fainali ya ubingwa wa dunia Paris 2003 kwa kukatakata mipira mbali na meza. Wanaosema ukumbini kwamba vipele ni wizi wakasome sheria. Kilichokatazwa, tangu 2008, ni vile visivyo na msuguano kabisa. Ipo pia raba ya anti, laini kwa kuitazama lakini inateleza, nayo inafanya kazi inayofanana na ya vipele virefu.

Mimi nikaenda kwenye vipele vifupi. Hivi ni vinene, havipindi, na chini yake kuna sponji. Mpira unagusa sehemu ndogo tu ya raba, kwa hiyo spini ya mpinzani inashikwa kidogo, na mpira wako unaondoka haraka, umenyooka, ukishuka upande wa pili kama umechoka. Lupu nzito hupati. Unachopata ni kuzuia na kupiga ukiwa umesimama palepale karibu na meza, na pale ukumbini kwetu huko ndiko tunakosimama! Mima Ito wa Japani ndiye aliyenithibitishia: ana vipele vifupi kwenye bekhendi, na mwaka 2018 kwenye mashindano ya wazi ya Sweden aliwafunga Wachina watatu, Liu Shiwen, Ding Ning na Zhu Yuling, mmoja baada ya mwingine.

Shemeji yangu hufuata mzigo Guangzhou. Nikamwandikia majina kwenye karatasi, Hurricane 3 na 802-40 ya Friendship, ile ya vipele vifupi, nikamsisitizia aangalie alama ya ITTF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, iliyochapwa chini kabisa ya raba karibu na mshikio, maana feki ni nyingi. Zote mbili kwa pamoja hazikufika nusu ya ile moja ya mwanzo. Duka moja hapa mjini lilikuwa limeniuzia raba iliyokaa juani dirishani hadi uso ukang'aa kama plastiki; raba ya namna hiyo haishiki mpira tena hata uioshe na nini.

Kwenye kubandika nako kulikuwa na mwalimu. "Kaka, paka sulusheni ya baiskeli, mpira utatoka kama risasi." Ana historia upande wake, kwa sababu wachezaji wa Ulaya miaka ya 1970 waligundua kwamba gundi ya kuzibia matairi inavimbisha sponji na kuongeza kasi. Lakini harufu ile ni sumu, na gundi zenye viyeyusho hivyo zilipigwa marufuku kimataifa mwaka 2008. Usimpe mtoto wako afanye kazi hiyo kwenye chumba kilichofungwa. Tumia gundi ya maji: paka nyembamba kwenye ubao na kwenye sponji, subiri weupe uishe ibaki angavu, laza raba kuanzia mshikioni ukiisukuma kwa chupa ya soda bila kuivuta. Kata kingo kwa wembe mpya. Ukiivuta wakati wa kubandika, baadaye itajirudi na kuacha ubao wazi pembeni.

Siku za mwanzo na vipele vifupi mipira ya mkato ilinisumbua, kwa kuwa mkono ulizoea kusugua. Vipele hivi vinataka upige mpira ukiwa kileleni, raketi imefunguka kidogo, unasukuma mbele na juu kwa mpigo mmoja mfupi. Nilipolipata hilo, sevu za pembeni zilizokuwa zinanirushia mpira jirani zikawa chakula. Naweka raketi, unaenda ninakotaka.

Na mzee? Sasa naanza kwa sevu isiyo na spini kwenye upande wake mwekundu, kwa sababu vipele virefu haviwezi kurudisha ambacho havikupewa. Mpira unakuja mtupu, napiga. Nikipiga lupu ya fohendi najua unaorudi ni mkato mzito, sing'ang'anii kupiga lupu nyingine. Naukatia taratibu, karibu na wavu, naye hana ujanja ila kunirudishia mpira unaoelea, na huo naumaliza. Lupu, kata, maliza. Mara ya kwanza nilipomfunga alinyamaza, akachukua raketi yangu, akapitisha kidole gumba juu ya vile vipele, akaniuliza sponji ni unene gani.

Ni milimita 2, na nafikiri nitashuka hadi 1.5 ili nizuie vizuri zaidi. Kwa anayeanza kabisa sishauri vipele vyovyote: chukua raba laini ya kawaida, kwa mfano Mark V ya Yasaka ambayo ipo sokoni tangu 1969, sponji isiyo nene, ujifunze kwanza kuupa mpira spini na kuisoma. Ile raba yangu ya laki mbili nimempa mpwa wangu anayechezea shule yenye ukumbi mkubwa, anasimama mbali na kuzungusha anavyotaka, na kwake inafanya kazi vizuri sana. Msimu wa masika futa raba kila baada ya seti, unyevu wa Dar unateleza kuliko anti, na ukimaliza kucheza ioshe kwa maji kidogo na sponji laini kisha ufunike kwa ile karatasi yake ya plastiki.