Dai la kipuri huanzia kwenye karatasi ya fundi

Kitimwendo cha umeme kikiharibika, mwenye kiti hukwama nacho. Ndiyo maana dai la vipuri lililokataliwa na Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee na wenye ulemavu, linauma kuliko madai mengine: karatasi zinazunguka ofisini, mtu yuko kitandani.

Wewe unayeandaa dai, kabla ya kuagiza chochote, uliza kiti ni cha nani. Kikiwa bado ndani ya miezi 13 ya kukodishwa, matengenezo yamo kwenye kodi hiyo na hakuna cha kudai. Kikiwa mali ya mgonjwa, tazama kwanza dhamana ya mtengenezaji. Kama Medicare siyo iliyolipia kiti, faili iwe na ushahidi wa kitabibu kwamba mgonjwa anakihitaji. Agizo jipya la daktari kwa ajili ya ukarabati halitakiwi. Kumweka mgonjwa akilisubiri ni kumwonea.

Sasa karatasi ya fundi. Ikisema "betri mbovu" tu, haijasema kitu. Iandike volti zilizopimwa betri ikiwa chini ya mzigo, tarehe ya betri, na hali ya chaja. Viti vingi hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo kupata 24. Moja ikichoka, huivuta na mwenzake: mpya ikioanishwa na kuukuu, hazichaji sawasawa na zote hufa mapema. Sababu hiyo ikiandikwa, betri mbili zinaeleweka, na mbili ndizo zinazoruhusiwa kwa wakati mmoja. Ziwe za aina iliyozibwa, kwa mfano msimbo wa dai E2361 kwa saizi 22NF au E2363 kwa kundi la 24. Zisizozibwa hukataliwa, na chaja inayochaji aina zote mbili, E2367, nayo hukataliwa. Chaja ya kudai ni E2366.

Kwenye mota ndiko pesa nyingi hupotea. E2368 ni mota peke yake, E2369 ni giaboksi peke yake. Vikiwa kitu kimoja kisichotenganishwa, msimbo ni E2370. Kukigawa kuwa mistari miwili ni kudai mara mbili. Mota zote mbili zikibadilishwa, usiandike mstari mmoja wenye idadi ya 2: andika mmoja wenye RT (kulia) na mwingine wenye LT (kushoto), kila mmoja idadi 1. Na kabla ya kuihukumu mota, fundi akague kile kishikio cha kuachia breki. Kikiachwa kimefunguliwa, kiti hakiendi na jostiki, kishikio cha kuendeshea kiti, huonyesha hitilafu, wakati mota ni nzima kabisa.

Msimbo wa kila kipuri cha ukarabati hubeba herufi za nyongeza RB, na NU kikiwa kipya. RA ni ya kifaa kizima kinachobadilishwa kwa sababu kimeibiwa, kimepotea au hakitengenezeki tena. Kuchanganya RB na RA ni kosa dogo kuandika na refu kusahihisha. Katika sehemu ya maelezo taja msimbo wa kiti chenyewe, kwamba ni mali ya mgonjwa, na tarehe kilipopatikana. Kipuri kisicho na msimbo wake huenda kwa K0108, nacho kinadai maelezo zaidi: mtengenezaji, modeli, bei, na kwa nini kinahitajika.

Kazi ya fundi ni K0739, kipimo kimoja kwa kila dakika 15, lakini kazi za kawaida zina ukomo. Betri ni vipimo 2, pamoja na kuzisafisha na kuzipima. Jostiki 2, pamoja na kuipanga upya. Mota moja 2, jozi 3. Tairi 1 kwa kila gurudumu. Kutafuta tatizo kumo humo humo, na muda wa safari haulipwi kabisa. Fundi aliyeendesha gari kwa saa mbili ataona hesabu hii ni ya kikatili, na ana haki, ila kuuingiza muda huo kwenye K0739 ni udanganyifu.

Medicare ikikubali, hulipa asilimia 80 ya kiwango chake baada ya kiasi cha mwaka ambacho mgonjwa hulipa kwanza. Mwambie mapema kuhusu ile 20.

Ukarabati ukizidi siku moja, mpe kiti cha muda na udai K0462, ambayo inaruhusiwa hadi mwezi mmoja. Eleza ni kiti gani umempa, chake ni kipi, na kwa nini kazi haikuisha siku hiyo hiyo. Wengi huuacha msimbo huu kwa kuona maelezo yake ni marefu, na mgonjwa hubaki bila kiti alichostahili kupewa.