Parker ambayo fundi hajaigusa

Leo nimeishika Parker ya zamani, ile bunduki ya marisau ya mitutu miwili iliyotengenezwa Meriden, Connecticut, kabla Remington hawajainunua kampuni mwaka 1934. Furaha niliyo nayo, acha tu!

Wengi hukimbilia inayong'aa. Mimi kung'aa kunanitia shaka. Chuma cha kati cha bunduki hizi kilichomwa ndani ya makaa ya mifupa, kikatoka na mabaka ya buluu, kahawia na kijivu. Rangi hiyo hufutika pale mkono unaposhika, ikabaki kwenye kona zilizojificha. Hii ndivyo ilivyo: tumboni imekuwa nyeupe kama fedha kuukuu, lakini karibu na kikinga cha kifyatulio buluu bado ipo, mbichi kabisa. Ukikuta rangi imekolea sawasawa kila mahali, ujue kuna mtu ameitia rangi upya.

Kisha nikapitisha kidole pale mbao zinapokutana na chuma. Kiwandani mbao ziliachwa zimeinuka kidogo. Zikiwa chini ya chuma, msasa umepita hapo. Hizi zimeinuka. Mifereji ya skrubu haijachubuka, nakshi zina makali yake, na mdomoni mitutu imegusana. Ingekuwa imekatwa, pengo lingeonekana katikati. Namba nazo zinalingana, kwenye mitutu na kwenye fremu, yaani kile chuma cha kati.

Sasa naandikia Parker Gun Collectors Association, chama cha wakusanyaji wa bunduki hizi, huenda vitabu vya kiwanda vikaonyesha iliagizwa na urefu gani wa mitutu.