Kikao cha saa nne

Juzi nimeona tena tangazo la kikao cha afya limebandikwa mtaani kwetu. Saa nne asubuhi. Nikacheka peke yangu.

Agosti 2015 kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam, kikaanzia huku huku Kinondoni, nilikuwa na sufuria zangu tatu Tandale, karibu na soko. Wa kwanza kunyooshewa vidole tukawa sisi mama lishe. Sisemi tulionewa tu, maana maji tulinunua ya mkokoteni, na nani anajua yalichotwa wapi?

Tukaitwa kikao saa nne. Saa hiyo maharage hayajaungwa, wali sijapalia, na vibarua wa sokoni wanaanza kula saa sita! Tulienda wawili, tukasomewa masharti. Jioni nasikia eti mama lishe hatuna mwamko.

Baadaye bwana afya mmoja, kijana tu, alikuja saa kumi tukiosha vyombo. Akageuza ndoo, akaketi. “Mama zangu, kinachowashinda hasa ni nini?”

Hapo tukafunguka. Sabuni ya kipande ukiiweka kwenye ndoo ya koki haimalizi siku, inaondoka na mteja. Kidonge cha dawa ukitia kwenye maji lita 20, watu wanakunja uso: “Mama, umetia Jik?” Wanakwenda kununua maji ya kandoro, yale ya vifuko vya plastiki, ambayo nayo yamefungwa wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Muuza supu mmoja akasema: koroga sabuni ya unga kwenye chupa ya maji, toboa kifuniko kwa msumari wa moto, ifunge kamba kwenye ndoo. Nani ataiba chupa ya povu? Mimi nikasema dawa tutie usiku, tufunike, hadi asubuhi harufu imepungua. Kachumbari ndiyo ilitugombanisha. Wengine walitaka tuache kabisa. Nikakataa, pilau kavu utamuuzia nani? Tukaafikiana nyanya na vitunguu vioshwe kwa maji ya dawa, vikatwe mteja akishafika.

Na sharti moja tuliweka wenyewe, bwana afya hakulitaja: asiyenawa hapakuliwi. Fundi mmoja wa gereji alisusa, akaenda kula kwingine wiki nzima. Jumatatu nikamwona amesimama mbele yangu, mikono inachuruzika maji, ananyoosha sahani bila kunisalimia.