Kalenda ya Mwezi Iliniokolea Kazi

Miezi mitatu ya kwanza ya kufuatilia washiriki wa utafiti wa dawa nilikuwa natia aibu. Wavuvi wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria, niliokabidhiwa pale ufuo wa Uhanya, karibu nusu yao hawakuonekana siku ya kupimwa. Utafiti ulisimamiwa na shirika la wasomi lisilotafuta faida, hela za kuchezea hakuna, na kila mshiriki ana dirisha lake: wiki moja kabla ya tarehe yake ya kupimwa, wiki moja baada. Likipita, ziara hiyo imekwenda.

Ofisini nikaambiwa, "Piga simu mara tatu, asiposhika andika hapatikani." Aliyesema hivyo hajui simu ya mvuvi. Iko kwa mkewe, au kwa anayechaji, au iko chini ya ziwa. Mwingine akanishauri niwape kitu kidogo kando. Nikakataa. Nauli ya kurudishiwa hupitishwa na kamati ya maadili, na anayefuata pesa atakuficha hata madhara ya dawa ili asitolewe.

Nikaenda mwenyewe, saa tatu asubuhi, fulana ya utafiti kifuani, nembo kubwa kama sahani, faili kwapani. Kina mama waliokuwa wakianika omena wakanikodolea macho. Mmoja akanong'ona, na kabla ya saa nne ufuo mzima ulijua "watu wa damu" wamemfuata fulani. Fulani mwenyewe nilimwona akitoka nyuma ya kibanda, akazama kwenye mafunjo. Nilimngoja hadi jua likanichoma kisogo. Nikarudi mjini Bondo kwa boda, kimya njia nzima. Fulana ile sikuirudisha ufuoni. Siri ya mshiriki huvuja hata kwa nguo.

Aliyenitoa ujinga ni mzee fundi wa mashua. "Nyathina," yaani mwanangu, "unawatafuta wakati wa giza. Wakati wa giza mvuvi wa omena hana mchana."

Kumbe! Omena huvutwa kwa taa usiku, na giza ni zile siku mwezi hauonekani. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, mashua zinakaa, wanaume wanashona nyavu na kucheza ajua, bao la Wajaluo. Nikanunua kalenda yenye picha za mwezi, nikapanga ziara kwa hiyo. Ambaye dirisha lake liliangukia gizani nilimvizia alfajiri mashua zikitia nanga, kabla hajalala. Na siku ya kuandikisha uliza kwao ni wapi, kwa mamake hasa, maana kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa na wavuvi hutawanyika.

Bosi alipenda kututajia utafiti wa tohara wa Kisumu, ulioandikisha vijana 2,784 na kuwafuata miezi 24, kama vile sisi tulikuwa tumelala. Safari hii alikagua daftari langu, akafunga, akaenda zake bila neno.

Mwezi mpevu wa pili, yule wa mafunjo alikuja mwenyewe, mkono wa shati umeshapandishwa.

"Daktari," akasema (mimi si daktari, ila huku ukibeba faili tayari ni daktari), "ile fulana umeiuza?"