Kigoma na Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, jamani!

Wapendwa, kama hujafika Ujiji, panga safari. Nimetembea mji huu kwa miguu, na kila mtaa una la kusimulia. Hapa ndipo mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari na mvumbuzi Livingstone mwaka 1871. Pana mnara, makumbusho na miembe inayosemekana ilitokana na ule waliokutana chini yake. Lakini msiishie kwa wazungu wawili tu. Ujiji ulikuwa mji mkubwa wa biashara kabla yao, mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, na watumwa wengi walipitishwa hapa. Mimi hilo ndilo lililonigusa zaidi.

Ufukweni Kibirizi nendeni asubuhi, mitumbwi ikirudi na dagaa. Kina mama wanawaanika juani, wanawageuza kwa mikono, na dagaa wakiwa wabichi bado wanameta kama fedha. Nilikula mgebuka, samaki wa ziwa hili, wa kukaanga na ugali wa muhogo, nikaongeza sahani!

Jioni nikaogelea upande wa Katonga. Maji ni maangavu kiasi kwamba nilisimama yakinifika kifuani, nikawaona samaki wadogo wenye mistari wakizunguka vidole vyangu vya miguu. Na ziwa hili lina kina cha zaidi ya meta 1,400, la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Hazina yetu hii!

Safari ijayo ni Hifadhi ya Gombe, kwa sokwe ambao mtafiti Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960. Nani twende naye?