Pesa za mlangoni zilimfikia nani?

Tangu kikundi chetu hapa Kisumu kianze kupanga filamu yake ya kwanza ndefu, wimbo wetu umekuwa ni huo huo: Night of the Living Dead, ile filamu ya kutisha ya Marekani kuhusu wafu wanaofufuka na kula watu. Iligharimu kama dola 114,000, na mapato yake hutajwa kuwa karibu dola milioni 30, Marekani na nje kwa pamoja. Vijana wanaipenda hesabu hiyo kwa sababu inaingia kichwani haraka. Ukimtajia mtu mwenye pesa zake kwamba filamu moja ilirudisha zaidi ya mara 200 ya gharama, anasogeza kiti karibu. Mimi naipenda filamu hiyo tangu nikiwa shuleni, tena naipenda sana, na ndiyo sababu inaniuma kuiona ikigeuzwa tangazo la utajiri. Kila tukikutana nauliza swali moja: hizo milioni 30 zilimfikia nani?

George Romero, aliyeiongoza filamu hiyo, na wenzake hawakuwa watu wa Hollywood. Walikuwa Pittsburgh, mji mwingine wa Marekani, wakijipatia riziki kwa kupiga matangazo ya biashara na filamu fupi za kampuni. Hilo linanigusa, maana hata sisi tunaishi kwa harusi, matanga na mahafali. Walipoamua kutengeneza filamu yao walikusanyika watu kumi, kila mmoja akatoa dola 600, wakajiita Image Ten. Kwa maneno ya hapa kwetu, hicho ni chama. Dola 6,000 hazikutosha, wakaendelea kuchangisha hadi zikafika hizo 114,000. Walipiga picha mwaka 1967, kwa rangi nyeusi na nyeupe, katika nyumba ya shambani karibu na Evans City ambayo tayari ilikuwa imepangiwa kubomolewa. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Nyama waliyokuwa wakitafuna wale wafu ilitoka kwa mwenzao mwenye bucha. Muziki hawakuutunga, waliuchukua kwenye maktaba ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Karl Hardman alikuwa mtayarishaji, akaigiza baba mkorofi aliyejifungia chini ya nyumba, na bado akashughulikia vipodozi na sauti.

Mtu akisoma orodha hiyo ataona kwamba dola 114,000 ni zile tu zilizopita mkononi. Kamera na taa walikuwa nazo tayari kutokana na kazi ya matangazo. Usiku wao, magari yao, na majirani waliokubali kutembea kama maiti, hayo yote hayamo. Isitoshe, dola 114,000 za mwaka 1967 ni zaidi ya dola milioni 1 kwa thamani ya leo. Ni zaidi ya shilingi milioni 130. Kwa Hollywood hizo ni hela za chai, lakini mimi sijui nani katika mitaa yetu ya Nyalenda au Manyatta anaita hiyo bajeti ndogo.

Kwenye daftari letu tuna mafuta ya jenereta, chakula cha waigizaji, nauli ya boda kwenda Dunga na kurudi, kukodi taa mbili, na kadi za kuhifadhia picha. Nimesisitiza tuongeze ukurasa wa pili wa vitu ambavyo hatulipii: kamera ya mwenzetu, kompyuta yangu ya kuhariria, boma la shangazi yake mmoja wetu tutakapopiga matukio ya usiku, na mama anayetupikia kwa mkopo. Wengine waliona ninachelewesha kazi. Mimi naona mali bila daftari hupotea bila habari, na filamu ni mali.

Sasa pato la mlangoni. Tarakimu inayotangazwa ni pesa zilizolipwa na watazamaji, si pesa zilizomfikia mtengenezaji. Mwenye ukumbi hubaki na sehemu kubwa, mara nyingi karibu nusu. Inayobaki huenda kwa msambazaji, naye hukata ada yake, gharama za nakala na gharama za matangazo kabla ya kumgusa aliyetengeneza. Aliyelala nje akipiga picha ndiye wa mwisho kwenye foleni. Mkataba ukiwa mbovu, foleni inaisha kabla hajafika.

Kwa hao wa Pittsburgh lilitokea jambo baya zaidi, na ndilo ninalotaka kila mwanachama wetu alijue. Kampuni za filamu za Columbia na AIP zilikataa kuisambaza. Ikachukuliwa na msambazaji mwingine, kampuni ya Walter Reade. Wakati huo ilikuwa inaitwa Night of the Flesh Eaters, na ile alama ya hakimiliki, duara dogo lenye herufi C pamoja na mwaka, ilikuwa imewekwa pale pale kwenye jina, mwanzoni mwa filamu. Jina likabadilishwa. Kibao cha zamani chenye jina kikaondolewa, kikawekwa kipya, na alama ile haikurudishwa. Sheria ya Marekani ya wakati huo ilidai nakala zote zinazotolewa kwa umma ziwe na tangazo la hakimiliki. Filamu ilipofunguliwa Oktoba 1968 bila tangazo hilo, ikawa mali ya umma. Yeyote mwenye nakala angeweza kuionyesha, kuichapisha, na baadaye kuiuza kwa kaseti na diski, bila kuwalipa wenyewe hata senti.

Mstari mmoja tu wa maandishi! Nimeurudia mwanzo wa filamu hiyo mara nyingi nikihariri kazi za watu usiku, na kila kibao cha jina kinapotokea juu ya ile barabara ya makaburini, macho yangu yanakwenda pale pembeni ambapo alama ingekuwa.

Kuna mwenzetu aliyenijibu kwamba kukosa hakimiliki ndiko kulikowatengenezea jina. Hoja yake ina uzito. Kwa sababu ilikuwa ya bure, vituo vya televisheni viliirusha usiku wa manane mwaka baada ya mwaka, kumbi ndogo zikaionyesha, wauza kaseti wakaisambaza kila pembe. Bila hayo huenda isingepata wapenzi wasiobanduka, wale wanaojua kila neno la Duane Jones, mwigizaji mweusi aliyepewa nafasi ya shujaa katika filamu iliyotoka mwaka ule ule ambao Martin Luther King aliuawa. Mwaka 1999 filamu iliingizwa kwenye hazina ya taifa ya filamu ya Marekani. Romero alipata kazi nyingine kwa sababu ya jina hilo. Yote hayo nayakubali. Lakini heshima iliyokuja kwa bahati si sababu ya kuacha jasho la watu kumi lifaidi wengine. Wangeweza kuchagua kuitoa bure. Hawakuchagua.

Najua upande wa pili wa jambo hili kwa sababu nimekulia ndani yake. Filamu nyingi nilizozipenda utotoni niliziona kwenye banda la video: mabati, mabenchi ya mbao, gunia kwenye dirisha kuzuia mwanga, bei imeandikwa kwa makaa mlangoni. Sauti haikuwa ya waigizaji, ilikuwa ya DJ anayesimulia kwa Kiswahili, anampa shujaa jina jipya na kumwonya adui anakuja nyuma. DJ Afro ameifanya kazi hiyo kwa ufundi ambao wengi wetu tulijifunza kwake jinsi hadithi inavyotembea. Kiingilio tulicholipa hakikuingia kwenye hesabu ya mtu yeyote Marekani wala Hong Kong. Kwa hiyo ninapoambiwa filamu fulani ilipata kiasi kadhaa duniani, najua sisi hatumo, ingawa tuliijaza ile nyumba mpaka watoto wakaketi sakafuni.

Mfano ninaoutetea mimi uko karibu zaidi, ng'ambo ya mpaka wa Busia. Nabwana Isaac alitengeneza Who Killed Captain Alex? pale Wakaliga, Kampala, kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki zilitengenezwa kwa vyuma chakavu, milipuko ikatengenezwa kwenye kompyuta. Pato la mlangoni halipo kabisa, kwa sababu hakukuwa na mlango: waigizaji wenyewe walizunguka na diski nyumba kwa nyumba, wakikimbizana na wanaonakili. Kionjo chake kilipowekwa YouTube mwaka 2010, dunia ikageuka kutazama Wakaliga. Nakala ya awali haipo tena, ilifutwa ili kompyuta ipate nafasi ya kazi nyingine, na tunayoitazama leo ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, msimulizi. Ukipima kazi ile kwa tiketi utasema ilipata sufuri. Mimi naiweka juu ya filamu nyingi zilizouza tiketi, kwa kuwa aliyeuza diski alikuwa anajua imenunuliwa na nani, na pesa ilibaki mtaani.

Sheria yetu ni nyepesi kidogo kuliko ile iliyowaumiza watu wa Pittsburgh. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi inalindwa tangu inaporekodiwa, hata bila alama. Marekani nayo iliacha kudai alama mwaka 1989. Hata hivyo nimeomba mambo matatu yaandikwe kabla kamera haijawashwa: majina ya wenye filamu yatokee mwanzo na mwisho, kazi isajiliwe KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na kila aliyetoa kitu, hata kama ni ugali na omena, apewe hisa iliyotajwa kwa asilimia. Mawili ya kwanza yalipita bila maneno. La tatu lilileta kelele, kwa sababu hisa za watu wengi hufanya ya kila mmoja kuwa nyembamba. Sitarudi nyuma. Mama yule akipika siku zote za kupiga picha, ameweka mtaji kuliko mtu aliyetuletea elfu mbili na ushauri.

Lililobaki ni la DJ. Akija msimulizi akitaka kuichukua filamu yetu aipeleke mabandani, nusu ya kikundi wanaita wizi na nusu wanaita usambazaji. Msimamo wangu ni aje, tuandikiane, jina letu likae pale mwanzoni, na kwa kila banda linaloionyesha kuwe na kiasi kinachojulikana cha kurudi kwetu, hata kikiwa kidogo. Nimeanza kuzungumza na wenye mabanda wawili wa Kondele kuhusu kiasi hicho. Mmoja ametaja chake, mwingine anataka kwanza aione filamu.