Kifuniko cha soda na mahindi yangu ya mteremko

Mimi nalima mahindi eka mbili huku Kapchorwa, Uganda, shamba limelala kwenye mteremko na chini yake kuna kamto ambako watoto wa kijiji wanachota maji. Miaka yote nilikua najua kitu kimoja tu kuhusu mbolea, ukitaka mahindi mengi mwaga nyingi. DAP, ile mbolea ya kupandia, nachukua kwa kiganja natupa kwa shimo, mbegu juu yake, nafunika, naenda shimo lingine. Halafu yanaota mapengo mapengo na mimi naenda kugombana na mwenye duka eti ameniuzia mbegu mbaya.

Kikundi chetu cha akina mama tukapata mafunzo, msimu mzima, tunakutana kila wiki ndani ya shamba. Wiki mbili baada ya kupanda mwalimu akasema fukueni pale hapajaota. Nikafukua na vidole nikaitoa mbegu, imefura, ncha ya mzizi nyeusi kama imepitishwa motoni, chembe za DAP zimeigandia. Kumbe ile mbolea ikiyeyuka inatoa amonia inachoma mzizi mchanga. Niliumia sana, manake mbegu nilinunua kwa jasho langu na mbolea vilevile.

Basi tukafundishwa kupima na kifuniko cha soda. Sentimita 75 mstari kwa mstari, 60 shimo kwa shimo, mbegu mbili kila shimo, kifuniko kimoja cha DAP kilichosawazishwa ambacho ni kama gramu 5 hivi, unafunika na udongo kidogo ndio unaweka mbegu. Piga hesabu, eka ina mashimo karibu elfu tisa, mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha. Mimi kwa kiganja nilikua namaliza mfuko na nusu!

Yuria nayo, mbolea ya kukuzia, nilikua namwaga juu juu jua likiwaka, kumbe naitrojeni, kile chakula cha mahindi kilichomo, inapotea hewani, inayobaki mvua inaiteremsha mtoni. Sasa nangoja mahindi yafike magotini, udongo uwe na unyevu, nachimba kamstari pembeni ya shina nafukia.

Lakini mto ndio ulinigusa zaidi. Mwalimu alikata chupa mbili za plastiki, moja udongo mtupu, nyingine udongo uliofunikwa na mabua, akamwagia maji kipimo kimoja. Ya kwanza ikatoa maji kama chai ya maziwa, ya pili karibu safi, nikawaza wale watoto na jerikeni zao. Mzee wangu, yaani mume wangu, hakutaka kabisa kusikia habari ya kuacha ardhi ya kando ya mto, sheria hapa Uganda ni mita 30 kwa mito midogo lakini yeye akasema watoto watakula nini. Nikamwomba tupande majani ya tembo pale tulishe ng'ombe, alipoona maziwa yanaongezeka akakubali mwenyewe. Huku juu tukapima kontua, yaani mistari iliyo sawa inayokata mteremko, na fremu ya A, miti mitatu, uzi na jiwe, tukachimba mitaro ya fanya juu, udongo unautupa upande wa juu. Kazi hiyo ni ngumu jamani, wiki tatu tulichimba, bila kikundi nisingemaliza.

Udongo pia nilipeleka Kawanda, kwenye maabara ya utafiti wa kilimo, upimwe. Unachota sehemu nyingi kwa zigizaga, kina sentimita 20, unachanganya kwa ndoo ya plastiki na si ya bati, unabeba nusu kilo. Majibu yakaja pH 5.1, yaani asidi imezidi, na DAP peke yake mwaka baada ya mwaka inazidi kuharibu. Sasa naweka chokaa ya shamba kupunguza hiyo asidi, mapema kabla ya mvua, samadi inafuata baadae.

Msimu uliopita nilipata gunia 17 kwa eka, zamani 11, na DAP ni mifuko miwili badala ya mitatu. Vifuniko nimevitoboa nimevining'iniza na kamba mlangoni, mama jirani akija kuazima namwambia twende kwanza shambani nikuonyeshe shimo moja.